Ulisikia kwa Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri mwandamizi ameacha kazi. Kapata nyingine, penye lifti. Meza yake ya dirishani iko wazi tangu saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshaisogelea kwa macho tangu saa mbili.

Nieleze mambo yalivyo, ingawa shajara hii haisomwi na mtu. (Mke wangu anajua ilipo, ila anasema mwandiko wangu unamchosha.) Sisi ni watunga kamusi ya nahau. Tumebaki watatu, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro: Mhariri Mkuu, mimi, na yule dada ninayemwita Nukta kwa sababu hawezi kupita penye nukta bila kuikagua. Kila nahau ina kadi yake, na kadi zinakaa kwenye maboksi ya viatu. Mbele ya kadi: maana, mfano, asili. Nyuma: jina la mtoa habari, saini yake, na mstari wa mwisho ambao Mhariri Mkuu anaupenda kuliko wanawe. "Ulisikia kwa nani?" Kadi isiyojazwa mstari huo, anasema mama yule, si kadi, ni umbeya.

Meza itagombewa. Mimi na Nukta tumepewa nahau moja: kusalimu amri. Atakayeleta kadi bora ifikapo Alhamisi ya wiki ijayo ndiye mwandamizi.

Mimi nina miaka tisa hapa. Nukta ana minne. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Umewekewa kamusi kuukuu isiyo na jalada la mbele, na bado nikifuta neno kwa nguvu chai inamwagika. Meza ya dirishani ina miguu minne inayolingana, na droo yenye ufunguo.

Kuna jambo moja dogo. Baba mkwe nimeshamwambia kuwa cheo nimepata. Ilikuwa mwezi uliopita, nilipokuwa nimenusa kwamba mwandamizi anatafuta pa kwenda. Tulikuwa tunakula. Mzee akaniuliza, kama anavyoniuliza tangu nilipomwoa binti yake, kama bado niko palepale. Jibu likanitoka lenyewe. Akaweka kijiko chini, akanipa mkono. Miaka kumi na moja naishi naye, hajawahi kuweka kijiko chini kwa ajili yangu. Kwa hiyo cheo hiki lazima nikipate. Sikusema uongo. Nilitangulia tu.

Jumanne, 4 Machi

Maana nimeimaliza kabla chai haijapoa. Kukubali kushindwa na kujiweka chini ya aliyekushinda. Imetoka vitani, hilo halina ubishi. Siku hizi inamfaa hata mwanamume aliyebishana na mkewe kuhusu rangi ya pazia. Asili ndiyo kasheshe. Vita gani? Nani alimsalimu nani?

Nukta kashinda na vitabu vya zamani na rula. Kamwambia Mhariri Mkuu kwamba ikibidi ataandika "asili haijathibitishwa". Nilicheka kimoyomoyo. Mtu anunue kamusi, aibebe mpaka nyumbani, aifungue, aambiwe haijathibitishwa?

Mchana akaja kuniomba ile kamusi iliyo chini ya mguu wa meza yangu. Aliomba kwa adabu. Nikamwambia kitabu hicho kiko kazini. Akapiga magoti, akasoma maandishi ya mgongoni mwake, akanakili kitu kwenye kikaratasi, akaenda zake. Nilimwonea huruma.

Jumatano, 5 Machi

Asili imekuja! Imekuja bafuni, sabuni ikiwa machoni.

Zamani za vita, washindi walichomeka fimbo ya jemadari wao mbele ya lango la ngome. Fimbo hiyo ndiyo iliyobeba amri. Aliyeishika ndiye aliyesikilizwa. Jemadari aliyeshindwa alitoka pekupeku mbele ya watu wake, akaisalimu ile fimbo mara tatu. Hakumsalimu mtu. Alisalimu amri. Hapo vita vikaisha.

Nimeiandika mara mbili. Mara ya pili nimeongeza vumbi.

Je, ni kweli? Hakuna aliyeikanusha. Kinachotakiwa ni mtoa habari, mzee, mwenye harufu ya vita. Bahati nzuri ninaye mmoja, anakaa chumba cha uani na anapenda chai yenye tangawizi nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Baba mkwe alikuwa jeshini miaka ishirini na miwili. Mtaani wanamwita Afande. Wasichojua ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa stoo, akigawa mablanketi. Vita alivisikia kupitia kidirisha cha kugawia.

Nimemkalisha sebuleni, nikamsimulia mara tatu. Nikamwahidi kwamba jina lake litaingia kwenye kamusi. Akauliza kama ni jina lote au herufi za mwanzo tu. Nikasema lote. Akainuka, akaenda kuvaa shati lenye kola, akarudi kuendelea.

Alipinga jambo moja tu. Hakuna jeshi duniani, akasema, linalosalimu amri bila kukabidhi mablanketi. Nikampa mablanketi arobaini. Akataka sitini. Tukakubaliana hamsini.

Kadi nimeijaza mwenyewe. Ulisikia kwa nani? Kwa babu yake mzaa mama. Saini pia nimemwekea, nisimsumbue mzee.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akauliza tunafanya nini. Nikasema utafiti. Akasema alidhani kwenye utafiti anayejua ndiye anayesema. Nikasogeza kiti changu mbali. Pasi ilikuwa ya moto.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri Mkuu kasoma kadi yangu, kavua miwani, kaivaa, kasoma tena. Kasema simulizi ni tamu. Kisha akasema mtoa habari mmoja hatoshi, anataka wawili wasiokaa nyumba moja. Akaongeza kwamba mablanketi yamemshangaza.

Maji ya shingo. Wazee wengine ninaowajua wote ni wakweli.

Baba mkwe alirudi jioni kanyolewa, kichwa kinang'aa. Alikaa kwa kinyozi saa tatu nzima. Anajiandaa kuingia kwenye kamusi, utadhani anaingia kwa miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya furaha.

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, nikiwaza mtoa habari wa pili nitamtoa wapi. Kinyozi, bila kuulizwa, akaanza kunihadithia jinsi majemadari wa zamani walivyotoka ngomeni pekupeku kuisalimu fimbo mara tatu. Ila kwanza walinyolewa, akasema, tena kwa wembe butu.

Nusura nipoteze sikio kwa kugeuka. Mimi nilidhani nimeitunga. Kumbe nilikuwa naikumbuka. Kitu ambacho kinyozi anakijua mtu hawezi kuwa amekitunga bafuni. Na hilo la wembe butu, mimi nisingelifikiria hata kwa mwezi mzima.

Nikatoa kadi mfukoni, akasaini. Sikumuuliza alisikia kwa nani. Kichwa kilikuwa nusu na sikutaka kumkatiza. Nilipofika nyumbani nikajaza mwenyewe: kwa wahenga.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri Mkuu kapokea kadi ya pili. Swali lake lilikuwa moja: wahenga hao wana anwani gani.

Nikasema jambo hili mtaa mzima unalijua, ni Nukta tu asiyelijua kwa sababu hatoki. Nikamgeukia Nukta mwenyewe, nikamwambia aache vitabu, ashuke akawasikilize watu, nikamtajia na mitaa. Nukta hakubisha. Akachukua bunda la kadi tupu, akachukua mwavuli, akashuka ngazi.

Mhariri Mkuu akaniuliza kama ninajua nilichofanya. Nikasema ndiyo, mama, nimemmaliza.

Jumanne, 11 Machi

Nukta karudi na kadi tano, na zote zinanithibitisha. Kinyozi karudia yale ya wembe. Muuza magodoro wa hapo chini anasema hayakuwa mablanketi, yalikuwa magodoro. Fundi cherehani anasema jemadari alivuliwa joho, nalo lilikuwa na mshono wa kuficha. Fundi viatu anasema ule upekupeku haukuwa wa hiari, viatu vilikuwa vipya na vilichukuliwa langoni. Fundi saa anasema ilikuwa saa tatu kamili asubuhi. Watu watano, fimbo moja. Nilitaka kupiga vigelegele.

Nilitegemea Nukta awe kanyong'onyea. Wapi. Alizipanga kadi zake sakafuni kifudifudi, nyuma ikawa juu, akaanza kuchora mishale kwa penseli kutoka kadi hadi kadi. Fundi saa alisikia kwa fundi viatu. Fundi viatu kwa fundi cherehani. Fundi cherehani kwa muuza magodoro. Muuza magodoro kwa kinyozi. Na kinyozi alisikia kwa Afande mmoja aliyekuja kunyolewa Ijumaa, mzee mstaarabu, atakuwa kwenye kamusi.

Nikasema mji huu una maafande wengi. Nukta akasema kinyozi kamwelekeza, nyumba yenye geti la kijani. Hajawahi kufika kwetu, kwa hiyo hajui ni geti la nani.

Nikiwa njiani kurudi nilipita duka la rangi. Nilitaka kijivu. Walikuwa wamefunga.

Jumatano, 12 Machi

Niliomba ruhusa ya kuumwa tumbo. Asubuhi nikajaribu kumpeleka baba mkwe kwa binti yake mwingine. Akakataa. Watu wa kamusi wakija, akasema, wamkute. Basi nikamfundisha upya: akiulizwa alisikia kwa nani, aseme kwa babu yake. Akasema ameelewa. Akarudia vizuri kabisa, mara mbili.

Nukta alifika saa kumi. Aliponikuta mlangoni hakushangaa sana kama nilivyotarajia. Mke wangu akamkaribisha chai. Baba mkwe akasimulia, na lazima niseme, alisimulia vizuri kuliko mimi. Mablanketi yakapanda mpaka sitini. Alisikia kwa nani? Kwa babu yake, akasema, bila kupepesa jicho. Nikashusha pumzi.

Kisha Nukta akamwekea kadi mezani, akampa kalamu, akamwomba aijaze kwa mkono wake.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilikuwa nimesahau mzee huyu ni nani. Kwa mdomo baba mkwe atakupa mablanketi mangapi unayotaka. Lakini miaka ishirini na miwili, kila karatasi aliyoitia saini ilikuwa na blanketi halisi nyuma yake, na mtu wa kuja kulitafuta. Kwenye fomu hawezi. Alisoma ule mstari wa mwisho, midomo ikicheza. Nikakohoa. Akausoma tena. Nikakohoa kuhusu babu. Akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: KWA MKWE WANGU, MHARIRI MWANDAMIZI. Akatia saini, akaandika tarehe, akapuliza wino.

Nukta alilitazama lile neno "mwandamizi" kwa muda. Akatoa kadi nyingine tupu, akanigeukia, akaniuliza kama anavyowauliza wote: na wewe, kaka, ulisikia kwa nani?

Ningeweza kusema. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni na birika. Baba mkwe alikuwa ananitazama kwa fahari, kalamu bado mkononi. Nikasema kwa kinyozi.

Na ni kweli. Nilisikia kwa kinyozi, Jumamosi, kwa masikio yangu mawili. Nukta akaandika, akachora mshale. Mshale ukaenda kwa kinyozi, ukatoka kwa kinyozi ukaja kwa baba mkwe, ukatoka kwa baba mkwe ukaja kwangu. Akashukuru kwa chai.

Alhamisi, 13 Machi

Mhariri Mkuu hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliweka ule mchoro wa mishale mbele yangu, akasema ameshika kazi hii miaka thelathini, ameona nahau zisizo na asili, ila yenye asili inayozunguka kutoka sebuleni hadi kwa kinyozi na kurudi ndiyo kwanza anaiona.

Kisha akanipa kadi ya Nukta niisome. Mistari mitatu. Kwamba neno kusalimu, mbali na kuamkia, hubeba pia maana ya kukabidhi. Kwamba aliyeshindwa anakabidhi amri, yaani kuanzia hapo mwenye kuamuru ni mwingine. Kwamba nahau ilianza kutumika katika vita gani, haijathibitishwa. Basi. Hakuna fimbo, hakuna vumbi, hakuna hata mguu mmoja mtupu.

Nikauliza kaipata wapi. Kaipata kwenye kamusi ile iliyo chini ya mguu wa meza yangu. Si hiyohiyo, kwa sababu nilimkatalia. Alinakili jina lake mgongoni, akaenda kuazima nyingine maktaba. Miaka tisa nimeegemeza chai yangu juu ya jibu. Nikasema, kwa kujitetea, kwamba sijawahi kudai halimo.

Meza ya dirishani ni ya Nukta. Nilipokuwa natoka Mhariri Mkuu akanishauri nikaseme mwenyewe nyumbani, kabla hawajasikia kwa mwingine.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa nimeandaa njia nne za kumwambia. Hakuna iliyotumika. Mzee alikuwa mezani na lile shati la kola. Nikasema jina haliingii, na mimi bado niko palepale.

Akaweka kijiko chini. Akauliza kile cheo nilichomwambia nilikipata lini. Nikasema sikukipata. Akafikiri. Akasema kwao stoo, kitu kikitolewa kwa makosa hurudishwa. Akanyoosha mkono. Sikuelewa, kisha nikaelewa: alikuwa anadai ule mkono alionipa mwezi uliopita. Nikampa. Akautikisa mara moja, akauchukua wake.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, niliona aibu mpaka masikioni.

Alipomaliza kula alitoka. Alikwenda kwa kinyozi akamwambia ile habari haikuwa sahihi, aifute. Akaenda kwa muuza magodoro. Akaenda kwa fundi cherehani, kwa fundi viatu, kwa fundi saa. Mmoja mmoja, kwa miguu, akirudisha kitu alichokitoa kwa makosa. Alirudi miguu imevimba. Mke wangu akamwekea maji ya moto kwenye beseni. Mimi hakunitazama. Nilikula ugali wangu nimesimama jikoni, na hakuna aliyeniambia nikae.

Jumatano, 19 Machi

Nukta kaja nyumbani. Si kwangu, kwa baba mkwe. Anasema kadi yake inapungukiwa mfano, na sheria ya Mhariri Mkuu ni kwamba mfano utoke kinywani mwa mtu aliye hai, usitungwe mezani. Wakakaa uani karibu saa nzima. Nilijitia ninatengeneza geti. Sikusikia maneno, ila nilimsikia mzee akicheka, kitu ambacho hajakifanya tangu Ijumaa. Kisha kimya, yaani alikuwa anajaza fomu.

Jumatatu, 31 Machi

Ukurasa umetoka kupigwa chapa ya majaribio. Naunakili kama ulivyo.

"Kusalimu amri: kukubali kushindwa na kukabidhi mamlaka kwa mshindi. Mfano: Mkwe wangu ameshindwa mchana kweupe, lakini mpaka leo hajasalimu amri."

Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la baba mkwe. Lote.

Mzee kaukunja ukurasa, kautia mfukoni, kaenda kuwasomea kinyozi na mafundi wote, kwa mpangilio uleule. Asubuhi alinipa mkono. Hakusema kwa nini.

Nimeusoma mfano huo mara thelathini. Ni wazi kwamba ni sifa. Nukta kahangaika wiki mbili, na jina lake halimo popote kwenye ukurasa. Mimi sentensi nzima inanihusu. Nilimweleza mke wangu jambo hilo. Akaniuliza kama nimeisoma kuanzia mwanzo. Nikasema mwanzo si muhimu, kwenye kamusi kinachoangaliwa ni nahau.

Meza inayumba kuliko zamani. Nukta kachukua ile kamusi kuukuu, kaiweka kwenye droo yake yenye ufunguo. Mguu nimeuwekea kadi zangu mbili za fimbo, nimezikunja mara nne. Zinatosha kabisa, kana kwamba ziliandikwa kwa kazi hiyo.

Leo nimepewa nahau mpya: kufa kupona. Nukta, kutoka dirishani, kasema nisijisumbue, nikikosa asili niandike haijathibitishwa. Nikamshukuru. Saa tisa nikapita kwa kinyozi. Nilinyolewa juzi, hakukuwa na cha kukata, lakini nilikaa, nikamwomba aende polepole. Nikamuuliza, kupitisha muda tu, kama amewahi kusikia habari za majemadari wawili wa zamani waliotumbukia kisima kimoja. Akasema hajasikia. Nikamsimulia mara tatu.

Alipenda sana. Ila wakati ananikung'uta mabega akaniuliza nilisikia kwa nani. Nikamwambia kwa fundi viatu.